Nimewalipa watu 12 wanipostie mafuta ya nywele, nimeuza chupa 9

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Natengeneza mafuta ya nywele nyumbani kwangu Nyegezi, Mwanza: nazi, nyonyo na karafuu, chupa ya mililita 100. Nauza Sh12,000. Nikihesabu mafuta, chupa, lebo na boksi, kila chupa inanigharimu Sh5,500. Uwezo wangu ni chupa 60 kwa mwezi.

Msanii mmoja niliyemfuata anitangazie alitaka Sh1,500,000 kwa posti moja, nikashindwa. Rafiki akanishauri nitumie watu wa kawaida, kwamba siku hizi hata kampuni kubwa zinawalipa wanafunzi, walimu na wauza duka kwa sababu wanaaminika kuliko mastaa. Nikatafuta watu 12 wenye wafuasi kati ya 2,000 na 9,000 Instagram na TikTok. Kila mmoja nilimpa chupa moja na Sh40,000 kabla ya kazi. Niliwatumia picha ya bidhaa yenye namba yangu ya simu na maelezo niliyoyaandika mwenyewe, nikawaambia wote waposti Ijumaa saa 2 usiku.

Waliposti. Skrinishoti walizonitumia, ukijumlisha, zinaonyesha tangazo limetazamwa mara 31,000. Nimeuza chupa 9, na 4 kati ya hizo wamenunua majirani. Wawili walifuta posti kesho yake. Video moja ya TikTok imekatwa sauti. Mmoja aliongeza maneno yake kwamba nywele zinarefuka ndani ya wiki 2, sasa mteja wa Shinyanga anadai hela yake.

Mdogo wangu anasema nilitakiwa kuwaambia waandike kuwa ni tangazo. Mimi nauliza, wakiandika hivyo nani atawaamini? Na kuna aliyenitisha kwamba malipo hayo yana kodi TRA. Nimebakiwa na Sh300,000 za matangazo. Nirudie na watu wengine, au niachane na jambo hili?

Mwenye mafuta, Nyegezi

JIBU

Dada wa Nyegezi, pole sana. Tuanze na lile lisilosubiri. Mteja wa Shinyanga mrudishie hela yake leo, bei ya chupa pamoja na nauli ya mzigo aliyolipa. Yule aliyeandika habari ya wiki 2 mwombe aitoe sentensi hiyo sasa hivi. Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Msusi yeyote analijua hilo kwa macho, maana ndicho kipande anachokiona kimeota chini ya rasta zilizokaa mwezi. Wiki 2 ni nusu sentimita, na mteja aliposoma tangazo aliwaza nywele za mabegani. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu mwingine, lakini yeye alikuwa kwenye kazi yako na hela iliingia kwako. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na lalamiko likifika Tume ya Ushindani, wa kwanza kutafutwa ni mwenye bidhaa.

Sasa hesabu, maana hasara yako ilikuwa imeshaandikwa kabla ya Ijumaa ile. Ulitoa Sh480,000 taslimu na chupa 12 zilizokugharimu Sh66,000, jumla Sh546,000. Kila chupa unayouza inakuachia Sh6,500. Ukigawanya, ulihitaji kuuza chupa 84 ili tu fedha zako zirudi. Wewe unatengeneza 60 kwa mwezi. Kwa hiyo hata kama wote 12 wangeifanya kazi vizuri kabisa, ungemaliza mzigo, ungewaambia wateja wasubiri, na bado ungekuwa ndani ya hasara. Kabla ya kukubali bei ya mtu yeyote, chukua malipo yake, jumlisha chupa ya bure, gawanya kwa faida ya chupa moja. Sh45,500 kwa 6,500 ni chupa 7. Halafu jiulize swali moja tu: huyu mtu ana watu 7 wanaomfahamu, wanaosuka nywele, na wanaoweza kuifikia chupa yangu?

Hapo ndipo mpango wako ulipokwama. Ulinunua macho. Mtu wa kawaida hana macho mengi ya kuuza, na akiwa nayo mara nyingi yametawanyika. Alichonacho ni kufahamiana: watu wanaojua nyumba yake, wanaoziona nywele zake kila siku, wanaoweza kumuuliza jioni, "Hivi yale mafuta kweli yanafaa?" Kampuni kubwa inaweza kulipa maelfu ya watu na kutegemea kwamba bidhaa yake iko kila duka nchini. Bidhaa yako iko Nyegezi. Mfuasi aliyeko Mbagala, Dar es Salaam, akivutiwa, analipa Sh12,000 ya chupa kisha nauli ya basi, kisha aende stendi kuupokea mzigo. Wengi wanaishia kuulizia bei.

Zile mara 31,000 nazo zisikuumize wala zisikufurahishe. Namba hiyo huhesabu kutazamwa, si watu. Mtu mmoja akiitazama video mara 3 anahesabika mara 3, na kama watangazaji wako wawili wanasoma chuo kimoja, wafuasi wale wale wameingia kwenye jumla yako mara mbili. Skrinishoti pia huhaririwa kwa dakika 2 kwenye simu yoyote. Safari ijayo omba rekodi ya skrini: mtu afungue akaunti yake, aingie kwenye takwimu, ashuke taratibu hadi sehemu inayoonyesha miji ya wafuasi wake, bila kukata. Instagram inaonyesha takwimu hizo kwa akaunti ya kitaalamu tu, na kuibadilisha akaunti iwe ya kitaalamu ni bure. Mwanza isipokuwa kwenye miji ya juu, mshukuru na umwache, hata kama ana wafuasi 9,000.

Ukitaka kujua kama wafuasi ni wa kweli, usihangaike na asilimia. Soma maoni chini ya posti zake 5 za mwisho zisizo na tangazo. Watu halisi humwita kwa jina, humtania, huuliza "umenunua wapi hiyo?", "saluni gani?". Wafuasi wa kununua huacha vikaragosi na maneno yanayofaa chini ya picha yoyote ile. Na kuna wale wanaokubaliana kwenye makundi kupeana laiki na maoni: utakuta majina yale yale 15 chini ya kila posti, na wote nao wanatangaza biashara. Hao ni watangazaji wanaowatangazia watangazaji.

Watu wako wa kweli ni wasusi. Tunalisema bila kusita. Msusi wa Kirumba, Buzuruga au Igoma anakaa na mteja saa 3 hadi 5, mikono iko kwenye nywele za mteja, na mteja mwenyewe ndiye anayeanza kuuliza apake nini. Hakuna video inayoweza kupata nafasi kama hiyo. Baada ya wasusi, wanafunzi wa kike wanaokaa hosteli, kwa sababu chumba kimoja kina watu 4 na chupa ikiwekwa juu ya meza inaonwa na wote. Kisha muuguzi, mwalimu, mwimbaji wa kwaya, yaani mtu mwenye kundi analokutana nalo ana kwa ana kila wiki. Instagram yake ikiwa na wafuasi 300, haidhuru.

Kwa watu hawa uwanja wenyewe ni stetasi ya WhatsApp. Uielewe inavyofanya kazi, vinginevyo utalipa hewa. Stetasi hukaa saa 24. Ili mtu aione, ni lazima wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Ndiyo maana mwenye namba 1,500 kwenye simu anaweza kupata watazamaji 180 tu, waliobaki hawajamhifadhi. Tena aliyezima tiki za bluu anaweza kuitazama asionekane kwenye orodha, kwa hiyo idadi halisi huwa juu kidogo ya ile inayosomeka. Mtu anayepata watazamaji 150 hadi 300 wa stetasi, wengi wao wakazi wa Mwanza, ana thamani kwako kuliko akaunti ya TikTok yenye wafuasi 9,000 wa mikoa yote. Na jihadhari: kuna vikundi vya Telegram na WhatsApp vinavyodai kuwalipa watu kwa stetasi lakini vinataka "ada ya kujisajili" kwanza. Kwa sababu ya utapeli huo, msusi unayemfuata anaweza kukuogopa. Mwambie mapema kwamba hatatoa hata shilingi, na chupa mpelekee mwenyewe mkononi.

Malipo yagawe mara mbili: ya msingi, kisha kamisheni. Kwa bei yako tunapendekeza Sh15,000 ya msingi, Sh2,000 kwa kila chupa inayouzwa kupitia kwake, na punguzo la Sh1,000 kwa mteja anayemtaja. Faida yako ya Sh6,500 itabaki Sh3,500. Msingi na chupa ya bure ni Sh20,500. Gawanya kwa 3,500, unapata chupa 6. Akiuza 6 umerudisha fedha zako na yeye amepata Sh27,000. Akiuza 15 anapata Sh45,000, zaidi ya zile 40,000 ulizotoa awali, na wewe unabaki na Sh32,000. Asipouza hata moja umepoteza Sh20,500 badala ya Sh45,500. Kamisheni iwe kwa ununuzi wa kwanza wa kila mteja, na hilo liseme mwanzoni kabisa. Chupa ikiisha mteja akarudi, faida ni yako yote, na hapo ndipo biashara ya mafuta ilipo.

Usimwondolee mtu malipo ya msingi ukamwachia kamisheni peke yake. Amepiga picha, ametumia bando lake, ameweka jina lake mbele ya ndugu na wateja wake. Anastahili kulipwa kwa kazi hiyo hata kama mwezi huo watu hawana hela. Wafanyabiashara wengi wanalikosa hili, halafu wanashangaa mtu ameposti mara moja na kunyamaza.

Ili ujue nani ameuza, kila mtu apewe neno lake la punguzo: fupi, la Kiswahili, lisilochanganywa na namba. KARAFUU kwa msusi wa Kirumba, NAZI kwa wa Igoma, na kadhalika. Mteja akiagiza anataja neno. Kwa wanaobonyeza, tengeneza linki ya WhatsApp inayoanza na wa.me/, ikifuatiwa na namba yako kuanzia 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, kisha ?text= na maneno unayotaka yajitokeze, mfano Naomba%20mafuta%20KARAFUU. Hiyo %20 inasimama mahali pa nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, anatuma tu. Linki hii hufunguka vizuri kwenye stetasi na kwenye stika ya linki ya stori za Instagram. Kwenye maelezo ya posti ya Instagram au TikTok haibonyezeki, na hilo ni kosa jingine lililokuangusha: namba yako ilikuwa ndani ya picha. Si rahisi mtu kuinakili. Ni lazima aikariri, atoke, aihifadhi, ndipo aandike. Wengi hawafiki huko. Ukiwa na WhatsApp ya biashara, weka lebo yenye jina la kila mtangazaji kwenye mazungumzo ya wateja wake, na kila Jumapili hesabu zilizolipwa. Oda ambayo haijalipwa isihesabiwe kwenye kamisheni.

Chupa ya bure mpelekee mtu wiki 4 kabla ya kuposti. Siku 1 au 2 hazitoshi hata kujua kama harufu ya karafuu inamkera. Katika wiki hizo atajua mambo ya kweli ya kusema: kama kichwa kinawasha kidogo au zaidi, kama nywele zinakatika kidogo wakati wa kuchana, kama mafuta yanachafua mto. Kwanza apake tone nyuma ya sikio au mkononi, asubiri siku nzima, maana mafuta ya karafuu yakizidi huunguza ngozi. Mtu akirudi na kusema hayakumfaa, mshukuru na usimlipe ayasifu. Maoni yake ni ya bei kuliko tangazo, na ukiyapata matatu yanayofanana, punguza karafuu.

Maneno ya tangazo usimwandikie. Wale 12 walitumia maelezo yako yale yale, saa ile ile. Aliyewafuata wawili wao alisoma maneno yaleyale mara mbili na akajua papo hapo kwamba hakuna aliyekuwa anaongea na yeye. Mpe msusi mambo matatu ya lazima: bei, mahali pa kuipata, neno la punguzo. Mpe na mambo matatu ya kutosema: asiseme yanatibu mba, fangasi au upara; asitaje siku au wiki za kukuza nywele; asiponde mafuta ya mtu mwingine. Yaliyobaki aseme kwa lugha yake, hata akiyasema kwa Kisukuma. Video ya sekunde 30 akiwa anapaka kichwani kwa mteja, kwa mwanga wa dirishani, inatosha kabisa.

Wasiposti wote siku moja. Wawili kwa wiki, kwa wiki 3, ili uwahi kujibu na mzigo usiishe katikati. Mteja aliyeuliza bei saa 2 usiku akajibiwa kesho mchana ameshasahau. Anza pale mishahara inapotoka mwishoni mwa mwezi. Kwa wanafunzi subiri boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, liingie.

Kuhusu kuandika kwamba ni tangazo, mdogo wako yuko sahihi. Instagram na TikTok zenyewe zinataka maudhui yaliyolipiwa yawekewe alama, na kila moja ina kitufe chake cha kuiwasha kabla ya kuposti. Posti isiyo na alama inaweza kuondolewa. Kwenye stetasi hakuna kitufe, kwa hiyo mtu aandike wazi juu ya picha: "Tangazo. Nimelipwa na nimepewa chupa." Yakae mwanzoni, yasifichwe mwishoni mwa maelezo. Hofu yako kwamba hataaminika tunaielewa, lakini fikiria wale wanaomzunguka msusi. Hao wanajua anajitafutia riziki, na hawatamlaumu kwa kulipwa. Kitakachowaudhi ni kugundua baadaye kwamba aliwasifia kitu kama rafiki huku analipwa kwa siri. Anayesema "nimelipwa, na haya ndiyo niliyoyaona kwa wiki 4, mimi harufu yake naiona kali kidogo" anauza kuliko anayesifu kila kitu.

Ile video iliyokatwa sauti, inaelekea ilikuwa na wimbo usioruhusiwa kwa biashara. TikTok ina maktaba ya sauti za kibiashara, na kama huna leseni ya wimbo, wa kwenye tangazo unatakiwa utoke humo. Njia rahisi ni kuachana na wimbo kabisa. Sauti ya msusi akiongea na vyombo vya saluni vikisikika nyuma yake ni nzuri kuliko muziki.

Jambo la usajili hukulitaja, nasi hatuwezi kuliruka. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Kabla ya hapo vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Kama bidhaa yako haijasajiliwa, usimlipe mtu yeyote kuitangaza, kwa sababu kila posti ni ushahidi wenye anwani yako. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho kama mjasiriamali mdogo na wakuelekeze kuhusu chumba cha kutengenezea na lebo, kisha nenda TBS kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza. Na ndiyo maana tumesisitiza neno "kutibu" lisisikike. Ukidai mafuta yanatibu, umetoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa.

Wasusi watapiga picha vichwa vya wateja, kabla na baada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mteja aombwe, akubali kwa ujumbe wa WhatsApp unaobaki kwenye simu, na aambiwe picha itawekwa wapi. Akikataa, ipigwe ya kisogoni isiyomtambulisha, tena naye akiwa ameridhia. Watoto waachwe nje kabisa. Majirani zetu wameshaonja: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliutoza ukumbi mmoja wa starehe Nairobi faini ya Ksh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Kodi: aliyekutisha hakukosea. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya mtandaoni walio wakazi wa Tanzania. Maana yake mlipaji anakata na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa malipo ya Sh27,000, zuio ni Sh1,350 na mtu anapokea Sh25,650. Mwambie kabla, asione umemdhulumu. Kwa zile Sh480,000 zilizokwishatoka, asilimia 5 ni Sh24,000. Nenda na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, kwa afisa anayekuhudumia umweleze ulivyofanya, ukiwa na daftari lenye jina, tarehe, kiasi na namba ya muamala wa kila mtu. Lipa kwa simu au benki, kamwe si mkononi, ili daftari liwe na kielelezo.

Wawili waliofuta posti hawakuvunja makubaliano yoyote, kwa sababu hukuwawekea muda. Waombe kwa heshima waziweke tena kwa siku 30, wakikataa, acha.

Sh300,000 zako zitoshe hivi. Watu 6 kwa mpango mpya ni Sh90,000 za msingi na chupa za Sh33,000, jumla Sh123,000. Zilizobaki usiziguse mpaka wiki ya 2. Utakapoona video ipi imeleta oda zilizolipwa, si iliyotazamwa zaidi, mwombe mwenyewe ruhusa ya kuilipia isambae, na weka Sh80,000 hadi 100,000 ikilenga wanawake wa Mwanza peke yao. TikTok ina msimbo wa idhini ambao mwenye video anautengeneza kwa siku 7, 30, 60 au 365. Chukua wa 30, na muongezee Sh10,000, kwa sababu sasa sura yake inatumika kwenye tangazo lako. Kinachobaki kiwe akiba ya nauli za mizigo na ya mteja kama yule wa Shinyanga.

Makubaliano hayahitaji wakili. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao mtu anaujibu "Nimekubali" unatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Unaweza kuutuma hivi, ukibadilisha majina na tarehe:

"Dada, shikamoo. Kama tulivyoongea saluni: utayatumia mafuta kwa wiki 4 kuanzia leo. Yakikufaa, utaweka stetasi 3 ndani ya wiki moja na video 1 itakayokaa siku 30. Utaandika mwanzoni kwamba ni tangazo na umelipwa. Utataja bei Sh12,000, neno KARAFUU la punguzo la Sh1,000, na kwamba yanapatikana kwako saluni na kwangu Nyegezi. Hutasema yanatibu ugonjwa wala yanakuza nywele kwa siku kadhaa. Picha ya mteja ni kwa idhini yake tu. Kwa siku 14 baada ya video hutatangaza mafuta mengine ya nywele. Nitakulipa Sh7,500 siku ya stetasi ya kwanza na Sh7,500 ukinitumia rekodi ya skrini, pamoja na Sh2,000 kwa kila mteja mpya aliyelipa kwa neno lako, kila Jumapili jioni. Nitakata asilimia 5 ya TRA na nitakuonyesha risiti. Yasipokufaa, niambie ukweli. Chupa ni yako na hudaiwi kitu."